Hadteli Moja ya Mashindano na ya Njia za Msituni: Aluminiamu Mpya au Kaboni Iliyotumika?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Arusha, nina umri wa miaka 26, urefu wangu ni sentimita 174 na uzito kilo 70. Kwa miaka mitatu nimeendesha baiskeli ya mtumba ya inchi 26 kwenye njia za msitu wa Olmotonyi na miteremko ya Mlima Meru. Sasa nimeweka akiba, na ninataka kununua hadteli moja, yaani baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu, itakayonifaa kwa mashindano na kwa mizunguko ya kila wiki na wenzangu. Lengo langu kubwa ni mashindano ya 10to4 ya Mlima Kenya. Nimeonyeshwa baiskeli mbili za inchi 29 kwa bei inayokaribiana. Moja ni mpya, ya aluminiamu, yenye shokapu inayobonyea hadi milimita 120, gia 12, na uzito wa kilo 13. Nyingine ni ya kaboni, ya mwaka 2015, imetumika Ulaya, ina shokapu ya milimita 100, gia 11, na uzito wa kilo 10. Wenzangu wote wananiambia nichukue ya kaboni kwa sababu ni nyepesi. Wewe unanishauri nini?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Nakushauri uchukue ile ya aluminiamu, mradi fremu yake inakutosha mwili na shokapu yake si ya aina duni, jambo ambalo nitakueleza namna ya kulikagua. Sababu yangu kuu ni hii: baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya njia za msituni unaweza kuisogeza karibu na mashindano kwa kubadilisha matairi na kupunguza uzito kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana, lakini baiskeli ya mashindano ya mwaka 2015 huwezi kuifanya itulie kwenye mteremko mkali, kwa sababu ukali wake umo ndani ya pembe za fremu, na pembe za fremu hazibadilishwi na fundi.

Tuanze na uzito, maana ndio wenzako wanaousimamia. Ukiwa na kilo 70 zako, baiskeli ya kaboni inakufanya upande mlima na jumla ya kilo 80, na ile ya aluminiamu kilo 83. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu nne kwa mia ya mzigo wote ambao miguu yako inauinua. Kwenye mlima unaokuchukua dakika 20 kuupanda, kwa nguvu zile zile utapoteza kama sekunde 43, na hapo nimehesabu kana kwamba nguvu zako zote zinakwenda kwenye kuinua uzito, wakati kwa kweli sehemu yake inaliwa na matairi na upepo. Sekunde 43 si kitu cha kudharau kwa mtu anayeshindana, nami sikuambii uzidharau. Ninachosema ni kwamba pancha moja itakugharimu dakika tano au zaidi, na kuanguka mara moja kunaweza kukugharimu msimu mzima. Kwa hiyo mizani inapaswa kupima pia ni baiskeli ipi itakufikisha chini ukiwa mzima na ukiwa bado na mikono yenye nguvu.

Hapa ndipo pembe ya shingo ya fremu inapoingia, yaani ule mlalo wa bomba la mbele ambamo shokapu na usukani vinazungukia. Hadteli za mashindano za miaka ile nyingi zilikuwa na pembe ya nyuzi 70 hivi, kwa maana kwamba shokapu imesimama karibu wima na gurudumu la mbele liko karibu na miguu yako. Kwenye barabara ya vumbi na kwenye kona za polepole baiskeli ya namna hiyo inageuka upesi kama mbuzi. Tatizo linaanza unaposhuka mahali penye mizizi na mawe: gurudumu la mbele liko chini yako badala ya kuwa mbele yako, na kila jiwe linalolizuia kwa nusu sekunde linataka kukurusha juu ya usukani. Hadteli za sasa za milimita 120 kwa kawaida zina pembe ya nyuzi 66 au 67, na gurudumu limesogezwa mbele. Nyuzi tatu zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mtu yeyote aliyeshuka njia moja kwa baiskeli zote mbili siku hiyo hiyo anazijua kwa mabega yake.

Kwenye hadteli jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwenye baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma. Shokapu ya mbele inapobonyea na nyuma haibonyei, baiskeli nzima inainamia mbele na pembe ile inazidi kusimama, na inasimama pale pale ambapo ungependa ilale, yaani katikati ya mteremko huku ukiwa umekamata breki. Kwa takriban kila milimita 20 za kubonyea, pembe inaongezeka kama nyuzi moja. Ukianza na nyuzi 70, hapo una 72 au 73. Ndiyo maana pia sikushauri kununua ile ya kaboni kwa nia ya kuifungia shokapu ndefu baadaye: utaongeza mlalo wa nyuzi moja tu, mhimili wa pedali utapanda juu, na shingo ya fremu itabebeshwa mzigo ambao haikuundiwa. Fremu ina kikomo cha urefu wa shokapu kilichowekwa na kiwanda, na kikomo hicho kiheshimiwe, hasa kwa kaboni ambayo inapochoka haipindi kwanza ili ikuonye.

Sasa fikiria mashindano uliyoyataja. Jina la 10to4 linatokana na safari yenyewe ya kushuka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000, yaani kutoka kama mita 3,050 hadi mita 1,220 juu ya usawa wa bahari. Milima ya kupanda haikosekani njiani, lakini ukumbuke kwamba jumla ya mwinuko inakwenda chini kwa zaidi ya mita 1,800. Mtu anayechagua baiskeli kwa ajili ya kazi hiyo kwa kuangalia tu wepesi wake wa kupanda amesoma nusu ya ramani.

Usiogope kwamba hadteli ni baiskeli ya kizamani. Kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki, aliyekuwa na baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, alimshinda Nino Schurter wa Uswisi, aliyekuwa na hadteli, kwa sekunde moja tu baada ya karibu saa moja na nusu ya mashindano. Tangu hapo njia za mashindano makubwa zimezidi kuwa ngumu, na waendeshaji wa ngazi ya juu wengi sana wamehamia kwenye shokapu mbili. Lakini kwa akiba yako, shokapu ya nyuma ya bei nafuu ingekuletea beringi nyingi za kubadilisha na uzito mwingi, bila faida wanayoipata wale wanaohudumiwa na mafundi wao kila siku. Uamuzi wako wa kununua hadteli ni sahihi.

Nimesema sharti moja ni shokapu, na hapa naomba uwe mkali. Maneno “milimita 120” hayatoshi. Uliza kama shokapu hiyo inatumia hewa au springi ya chuma. Ya hewa ina valvu juu ya mguu wa kushoto, chini ya kifuniko kidogo, na unaijaza kwa pampu maalumu ya shokapu hadi ilingane na uzito wako. Ya springi imekwisha kuamuliwa kiwandani, na kwa mtu wa kilo 70 inaweza kuwa laini mno au ngumu mno bila dawa ya maana. Kisha tazama inavyoshika gurudumu. Ukikuta ekseli nene ya milimita 15 inayopenya kutoka upande mmoja hadi mwingine, ni vizuri. Ukikuta ekseli nyembamba ya kufunga kwa kishikio, ya milimita 9, ujue shokapu hiyo itajipinda kwenye kona zenye mawe na usukani hautakwenda unakoutaka. Baiskeli mpya yenye springi ya chuma na ekseli nyembamba siitetei, na ikiwa ndivyo ilivyo, rudi dukani uulize ngazi inayofuata hata kama itabidi usubiri miezi mitatu.

Namna ya kuipima ni rahisi. Kwenye mrija mmoja unaong'aa wa shokapu kuna pete nyembamba ya mpira. Kama haipo, funga uzi wa plastiki usiobana. Simama juu ya pedali kama unavyosimama unaposhuka, ukiwa umevaa mkoba wako wa maji, mtu akishika baiskeli. Sukuma pete ikae chini kabisa, jitulize bila kurukaruka, kisha shuka taratibu bila kukamata breki ya mbele. Pete itakuwa imepanda. Kwa shokapu ya milimita 120 inapaswa iwe imepanda kama milimita 24, yaani moja ya tano. Ikipanda 35, ongeza hewa. Ikipanda 12, punguza. Waendeshaji wengi wanaoniletea baiskeli wakilalamika kwamba mikono inakufa ganzi hawana tatizo la shokapu, wana tatizo la hewa, na wameishi nalo mwaka mzima.

Jambo la pili ninalolitazama kabla ya rangi na jina la kiwanda ni vipuri. Sisi hatuishi jirani na ghala la kiwanda. Baiskeli za milimani zimebadilishwa vipimo mara nyingi sana, na baiskeli ya mwaka 2015 mara nyingi imekaa katikati ya mabadiliko hayo: nyuma ina upana wa milimita 142 au hata 135, wakati baiskeli za sasa nyingi ni 148, kipimo kinachoitwa Boost, na mbele ni 100 badala ya 110. Ringi ikivunjika, gurudumu utakaloazimwa na mwenzako siku ya mashindano huenda lisiingie. Angalia pia shingo ya fremu: ile inayopanuka kuelekea chini, kutoka inchi moja na moja ya nane hadi inchi moja na nusu, inapokea shokapu karibu zote nzuri za leo, ile nyembamba iliyonyooka imefungiwa mlango.

Kuna kipande kimoja ambacho nataka ukikumbuke kuliko vyote. Ni kile kipande kidogo cha aluminiamu, kinachoenea kiganjani, kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Mafundi hukiita hanga. Kimetengenezwa kuwa laini makusudi, ili kijiti kikiingia kwenye spoku kipinde au kivunjike chenyewe badala ya kuvunja fremu. Mwaka mmoja kijiti kisichozidi unene wa kalamu kilinivunjia hanga nikiwa upande wa Monduli. Kibadilisha gia kilining'inia kwenye cheni kama kuku aliyechinjwa, na nikasukuma baiskeli kwa saa nne juani. Kilichoniumiza zaidi si zile saa nne, bali zile wiki saba nilizosubiri, kwa sababu fremu ile ilikuwa na hanga ya umbo lake peke yake na duka lililoniuzia halikuwa nayo hata moja. Tangu mwaka 2019 kuna hanga ya umbo moja inayotumiwa na viwanda vingi, inayoitwa UDH. Uliza kama baiskeli mpya inaitumia. Ikiwa inaitumia, hiyo peke yake kwangu ni sababu ya kuongeza fedha kidogo.

Kuhusu gia, fanya hesabu, usihesabu idadi. Baiskeli ya kaboni ya gia 11 ya miaka ile yawezekana ina kaseti, yaani lile fungu la gia za nyuma, ya meno 10 hadi 42. Ukiwa na meno 32 mbele, gia nyepesi kabisa inakusogeza kama mita 1.75 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kaseti ya kisasa ya gia 12 yenye gia kubwa ya meno 51 inakusogeza mita 1.44. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, ya kwanza inakudai uende kilomita 6.3 kwa saa ili usisimame, na ya pili inaridhika na kilomita 5.2. Kwenye zile njia za mashamba zinazopanda Meru moja kwa moja bila kona, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anapanda akiwa ameketi na nani anasukuma. Wepesi wa kaboni unaoupata kwenye mizani, sehemu yake unaurudisha hapo. Vumbi letu la volkano linasaga cheni kama msasa, basi nunua kile kipimo kidogo cha cheni na uibadilishe ikifikia 0.5 kwa mia ya kurefuka. Ukichelewa, itakula kaseti, na kaseti ni ghali mara kadhaa kuliko cheni.

Matairi ndiyo mahali ambapo baiskeli moja inakuwa mbili. Kwa mizunguko ya kila wiki weka mbele tairi la inchi 2.4 lenye meno marefu ya pembeni, na nyuma la inchi 2.3 au 2.35 lenye ukuta mgumu. Kwa mashindano ya kiangazi badilisha la nyuma tu, uweke lenye meno mafupi yaliyokaribiana, na utahisi baiskeli imeamka. Yote yawe bila tyubu, yenye maji ya kuziba pancha ndani. Kwetu hili ni la lazima: mwiba wa mgunga ulio mkavu unapita kwenye tairi kama sindano kwenye kitambaa, na mwenye tyubu anaweza kupata pancha tatu kabla ya chai. Asiye na tyubu anasikia mlio mfupi, anaona povu jeupe kwenye shina la mwiba, anazungusha gurudumu ili maji yafike, na safari inaendelea. Usiung'oe mwiba ukiwa njiani. Uache uzibe tundu lake mwenyewe hadi ufike nyumbani. Maji hayo hukauka upesi kwenye joto, kwa hiyo yaangalie kila baada ya miezi miwili. Kwa uzito wako anza na upepo wa psi 20 mbele na 23 nyuma. Nyuma panahitaji zaidi kwa sababu ringi ya hadteli haina shokapu ya kuihurumia.

Breki nazizungumzia kwa ufupi kwa kuwa karibu zote za diski zinazotumia mafuta, zikiwa nzima, zinatosha. Omba diski ya milimita 180 mbele. Fahamu tu mafuta yake: breki za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, na breki nyingi za SRAM hutumia DOT, ambayo unaipata kwenye duka lolote la vipuri vya magari. Usikubali fundi akuchanganyie, kwa kuwa DOT ikiingia kwenye breki za mafuta ya madini huharibu mipira yake yote.

Kitu ambacho huenda baiskeli mpya haina, na ningependa akiba yako ya kwanza iende huko, ni nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Itaongeza uzito, kama gramu 400 hivi, na wenzako watalalamika kwa niaba yako. Lakini mtu anayeshuka akiwa na kiti juu hana mahali pa kupeleka nyonga zake, na baiskeli inaposukumwa na mwamba inamsukuma naye. Fremu nyingi za sasa zina tundu la waya wake ndani na bomba la milimita 30.9 au 31.6, za kaboni za zamani nyingi ni 27.2, ambapo chaguo ni chache.

Kwa urefu wako, fremu ya saizi ya kati ndiyo ya kuanzia, lakini usiamini herufi iliyobandikwa. Pima urefu wa mguu wako kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kinena, ukiwa peku na umebana kitabu. Ukipata sentimita 81, zidisha kwa 0.883, utapata kama 71.5, huo ndio umbali wa kuanzia kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti. Kisha simama juu ya pedali, viwiko vimekunjwa kidogo: magoti yasikaribie usukani, na mgongo usijisikie umevutwa. Usukani wa milimita 740 hadi 760 na shingo fupi ya kushikia usukani ya milimita 50 au 60 vitakufaa.

Ikiwa baada ya yote haya bado moyo unavutwa na ile ya kaboni, isiondoke na wewe kabla hujailaza chini na kuikagua mchana kweupe. Pitisha ukucha chini ya bomba kubwa, hasa karibu na shingo na karibu na mhimili wa pedali, ukitafuta ufa ulionyooka ambao rangi yake imekatika pande zote mbili. Gonga fremu kwa sarafu ya shilingi 200, sentimita kwa sentimita: kaboni nzima inatoa mlio mkali ule ule, na mahali palipooza, mlio ukiwa mzito kama wa ubao uliolowa, pana jeraha ndani. Kamata breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga kwenye shingo, beringi zimelegea au zimekwisha. Mirija ya shokapu ikiwa na mkwaruzo unaoshika ukucha, hesabu gharama ya shokapu mpya juu ya bei uliyoambiwa. Na kama muuzaji hakuruhusu kufanya haya, umekwisha kupata jibu.

Ukienda dukani kwa ajili ya ile ya aluminiamu, nenda na futi ya kupimia, viatu unavyoendeshea, na mwenzako wa kushika baiskeli wakati unapima shokapu. Ukiridhika, kabla hujalipa, waambie wakuwekee hanga mbili za akiba kwenye risiti hiyo hiyo. Moja ikae nyumbani, moja uifunge kwa utepe chini ya kiti.